Vigoda vya Chumba cha Mbele

Sogeeni, wanangu, sogeeni hapa kitandani, maana sauti yangu siku hizi inaishia kwenye shuka, haifiki mlangoni. Nisikilizeni mara hii moja, nikishamaliza mtabishana wenyewe na mimi sitakuwepo kuwaamua. Wewe mwanangu mkubwa, mkandarasi, kaa huku mkono wa kulia, na hiyo futi ya kupimia itoe mfukoni, imetuna, tangu umeingia nimeiona na nimejua umekuja kwa mambo mawili, kumwona mama na kupima chumba. Sikulaumu, mwenye kazi yake huenda nayo hata msibani. Wewe kitinda mimba wangu, mwalimu, acha kulia kwanza, machozi yaweke, yatatakiwa. Kaa miguuni hapo. Mkwe wangu, usisimame mlangoni kama mtu anayesubiri gari, wewe si mgeni, keti karibu na mumeo. Na huyu mjukuu wangu, binti yenu, Kimya wetu, mwacheni hapo hapo sakafuni alipo. Msimwite, msimvute, msimwambie amsalimie bibi. Anasikia kuliko sisi wote.

Mnashangaa kwa nini nimekataa chumba changu nikataka kitanda kiletwe huku mbele, kwenye darasa la watoto. Dada yenu huyu alinipinga, akasema mama, huku kuna vumbi la chaki na harufu ya mikojo. Nikamwambia harufu hiyo nimeishi nayo, niache niondoke nayo. Nataka nitazame michoro yao ukutani, hata ile ambayo sijui kama ni ng'ombe au ni mimi. Nataka nivione vigoda vilivyopangwa viwili viwili chini ya dirisha. Leo ni siku ya mapumziko, watoto wako kwao, na chumba kimetulia mpaka kinatisha. Chumba hiki kikitulia hivi naona kama tayari nimeshafukiwa.

Tuanze na vidogo, kubwa lenyewe litanichosha. Ile nyundo iliyo kule chumbani si yangu, ni ya fundi viatu wa pale kona, niliiazima kugongea mguu wa kigoda nikanogewa kukaa nayo. Mrudishieni. Atawaambia ilikuwa na mpini mpya. Mwongo, mpini ulipasuka zamani, lakini msibishane naye, semeni asante mwondoke. Cherehani ni ya mkwe wangu. Ndiyo, wewe, usinitazame hivyo. Hujui kushona, najua, hata kifungo ukikishona kinatazama pembeni, lakini nilipoanza kushindwa kuamka wewe ndiye uliyenifulia shuka bila kunikunjia uso, na hukumsimulia mtu. Kabati na vyombo ni vya kitinda mimba. Vyumba vya uani vyenye wapangaji ni vya ndugu wawili, sawa kwa sawa, na yule mpangaji mgonjwa wa kifua msimtoe mpaka apone au anifuate.

Halafu jirani yetu fundi bati. Mimi na yeye tumegombana muda mrefu kuliko ndoa za watu wengi. Yeye akigonga mabati, watoto wangu wanashtuka usingizini, na watoto wangu wakiimba yeye anakosea kipimo. Alinishtaki kwa wazee wa mtaa, akasema eti nafuga kuku wenye midomo ya binadamu. Nami nikasema yeye amefuga radi. Mwambieni nimemsamehe, tena mwambieni mimi ndiye niliyeanza kusamehe, ili nami niwe nimeshinda kitu.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Sasa tuje kwenye chumba hiki, maana najua ndicho mnachosubiri. Mwanangu, mwaka jana tulikaa hapo kizingitini, ukanieleza kwa adabu, sikatai. Ulisema chumba kinatazama barabara, na ukuta huu wa mbele ukivunjwa ikatiwa milango ya kukunja, yanatoka maduka mawili ya maana, na dada yako atapata pa kuuza kitu badala ya kushinda anafuta kamasi za watu. Nikauliza, na watoto? Ukasema watoto wana makwao, wakae nyumbani mpaka umri wa shule ufike, kwani huku wanafanya nini, si wanacheza tu. Kisha ukatia neno moja ambalo limenikaa kifuani kuliko hiki kikohozi. Ulisema, "Mama, kucheza nako kunataka mwalimu?"

Sikukujibu siku ile. Jibu lilikuwa refu na simu yako ilikuwa inaita. Leo izime, nikujibu.

Mnamkumbuka mjomba wenu. Ninyi mkiwa wadogo mlimwita Mjomba Ukuta, nikawachapa kwa jina hilo, lakini jina likamganda kwa kuwa lilikuwa la kweli. Alikaa pale, kona ile, mgongo kwa watu, uso kwa ukuta, akishika msasa na kipande cha mbao. Mlidhani alizaliwa hivyo. Hakuzaliwa hivyo, wanangu. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, namjua. Alikuwa mtoto mcheshi, anakushika sikio, anacheka mpaka anapaliwa.

Baba yetu aliondoka kwenda kutafuta kazi, nadhani anaitafuta mpaka leo. Mama akapata kibarua kiwanda cha soda, kuosha chupa, anatoka giza anarudi giza. Mimi shule nilitolewa njiani nikawekwa barabarani kuuza mayai ya kuchemsha, nikajua mji wote kwa miguu na maneno yote ya vijana wa stendi, hata yale ambayo siwezi kuyasema hapa mbele ya mkwe. Na mdogo wangu akabaki. Abaki na nani? Jirani hayupo, bibi hayupo, barabarani kuna magari, kwenye mtaro kuna maji. Mama akamfungia ndani. Alimwachia kikombe cha uji na potopoto la viazi, akafunga kufuli, akaenda kazini analia. Msimlaumu marehemu. Mtoto aliyefungiwa utamkuta jioni, na wa barabarani huenda usimkute. Alichagua alichokuwa nacho.

Basi yule mtoto alishinda mle tangu anajifunza kutembea mpaka umri wa shule. Mlango wetu ulikuwa na tundu, jua likipita linachora doa la mwanga ukutani, na doa linatembea polepole kutoka kona hii mpaka ile, na yeye analifuata kwa macho. Doa hilo ndilo lilikuwa mchezo wake, ndilo rafiki yake. Nikirudi na ndoo yangu ya mayai nafungua mlango, hageuki. Mwanzoni aligeuka. Baadaye akaacha.

Siku ya kupelekwa darasa la kwanza alivaa shati jipya. Nilimsindikiza mwenyewe. Watoto wengi, kelele, foleni, kengele. Hakujua foleni ni nini. Mtoto mwenzake akamshika bega ampange, yeye akamng'ata. Mwalimu akamwambia lete kalamu yako, akakaa tu anamtazama, maana hajawahi kuombwa kitu na mtu asiye mama. Mwalimu akamwadhibu, akamweka kona aangalie ukuta. Na sasa sikilizeni vizuri. Pale konani akatulia. Wenzake wakiadhibiwa hivyo wanalia, yeye akatulia tuli, bega likashuka, maana ukuta alikuwa anaujua. Mwalimu akaona dawa imeingia, akamwacha hapo, na kesho yake hapo, na mwaka wote hapo. Mwisho wakamwita mama wakasema huyu kichwa chake hakipokei, mkatafute kazi ya mikono. Hakuna aliyekuwa katili. Mama alifanya lake, mwalimu alikuwa na darasa limejaa mpaka madirishani. Lakini mtoto alikuwa ameshafika shuleni amechelewa, na alichochelewa si kusoma. Alichelewa watu.

Ndiyo hayo tu. Alikufa mnavyojua, kimya kimya, mimi nikiwa jikoni.

Sasa turudi kwako, mkandarasi. Baba yenu alikuwa seremala wa vitanda, na chumba hiki kilikuwa karakana yake. Ulipoanza kusimama dede, nami nauza vitenge sokoni, nikakaa nikafikiri, kufuli silitaki na barabara siitaki. Nikamwambia marehemu, hivi vipande vya mbao vinavyobaki, niundie viti vidogo. Akanicheka, akaniuliza wageni wangu ni panya? Akaunda. Na mjomba wenu akapiga msasa. Kigoda chochote humu mkikipindua mtaona amelainisha mpaka chini, pasipoonekana na mtu, ili mtoto akipitisha mkono asichomwe. Si mnamwona huyo Kimya? Tangu tumeanza kuzungumza anapitisha kidole chini ya kigoda kile cha pembeni. Msigeuke wote kwa pamoja. Nimesema msigeuke.

Wewe ndiye uliyekuwa mtoto wa kwanza wa chumba hiki, na wa pili alikuwa mtoto wa huyu huyu fundi bati, adui yangu. Ulipanga vipande vya mbao ukuta, mwenzako akaja akaupiga teke. Ukalia ukaja kwangu, nikakutazama nisiseme neno. Ukarudi ukapanga tena, akaupiga tena. Mara ya tatu ukampa kipande kimoja mkononi. Teke likakoma, mkajenga kitu hapo ambacho sikukijua ni nyumba au ni gari. Leo ukipata jengo, bati anaezeka nani? Si ni yule yule mwenye teke? Mnatukanana juani kutwa na paa linasimama. Mtu akiniuliza mwanao ujenzi alijifunza wapi, nasema chuoni. Lakini ule wa kumpa kipande mtu anayekubomolea, chuo gani kinafundisha? Ndiko kucheza huko, baba. Ndiko unakoniuliza kama kunataka mwalimu. Kunataka. Kunataka mtu mzima mwenye macho na mwenye kujua lini akae kimya.

Dada yako anajua jinsi tunavyoanza asubuhi, lakini wewe ulisahau, acha nikukumbushe, na mkwe wangu usikie, maana hujawahi kuona. Hapa hakuna mtoto anayepangiwa pa kukaa. Akiingia, kazi yake ya kwanza ni kuchukua kigoda chake pale dirishani akibebe mwenyewe, akipeleke anapotaka. Na mtu mzima hasaidii. Hata akikiburuza, hata kikimshinda njiani akakikalia hapo katikati kama dereva aliyeishiwa mafuta. Kuna wazazi walinisema, wakasema yule bibi mvivu, mtoto anahangaika naye amekaa mkekani anatazama. Ndiyo, natazama. Hiyo ndiyo kazi. Kigoda cha mtoto kinasema kabla ya mdomo wake. Mtoto aliyekaa katikati jana, leo amekisukuma mpaka chini ya meza, usimhoji, mwendee taratibu, kwao kuna kitu kimevunjika na si sahani. Wawili waliogusana magoti wiki nzima, leo mmoja amempa mwenzake mgongo, waache, kabla ya kwenda nyumbani watakuwa wanakula embe moja. Anayekiweka mlangoni ni yule anayeogopa kuwa aliyemleta hatarudi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yake iko barabarani, anataka akiona kivuli cha mama awe wa kwanza kuinuka. Huyo usimtoe hapo. Siku moja atawaona wenzake wanamimina maji kutoka jagi hadi kikombe, wanayamwaga, wanacheka, atasogeza kigoda kidogo, kesho kidogo, na siku mama yake atakapokuja atamwambia subiri kwanza. Mama atanuna. Mimi nitacheka hadi mkojo unitoke.

Na yupo anayekipeleka ukutani akautazama ukuta. Huyo ndiye ninayemwogopa, maana kigoda hicho nakijua kilikoishia.

Sijawahi kusema chekechea ni dawa. Wapo niliowalea hapa wakaja kuwa wezi, mmoja alinikwapulia hata redio, akarudi baadaye kunisalimia nikampa chai, tukaizungumzia hali ya hewa. Kuna mama mmoja muuza mitumba alinijia mkono kiunoni, akasema mwanangu anarudi na tope tupu, daftari liko wapi, wa wenzangu wa miaka minne wanaandika mpaka mia. Nikamwonyesha vidole vya mwanawe vinavyofinyanga, nikamwambia hivi ndivyo vitakavyoshika kalamu, viache vipate nguvu. Akamhamisha. Akampeleka kule wanakovaa majoho na kupewa vyeti kabla hawajajua kufunga kifungo. Aliishia wapi yule mtoto, sijui. Si kila hadithi nilipewa mwisho wake.

Kwa hiyo kitinda mimba, nikishaondoka watakujia hao hao na mikono yao kiunoni, watataka madawati, watataka mitihani, watakuambia samaki mkunje angali mbichi. Waambie mama alisema mtoto si samaki. Samaki humkunja ili atoshe kwenye sufuria. Waache wamimine maji. Waache wagombanie ule mpira mmoja, usinunue wa pili, mpira wa pili utaua masomo yote ya kungoja zamu. Waimbie, wasimulie, waulize walichoota, hata wakidanganya. Mtoto anayedanganya ndoto amejifunza kutunga.

Nipeni pumzi. Mto huu uinueni... hapo. Asante, mkwe.

Sasa nawageukia ninyi wawili, na nitasema polepole, kwa sababu linauma na sitaki liume zaidi ya kiasi chake. Mwanangu, nyumba yako ni nzuri, iko ghorofani, ina geti na mlinzi, na mkitoka asubuhi kwenda kazini mnamwacha huyu mtoto na msichana wa kazi na televisheni. Msichana ana kufua na kupika, hana makosa. Televisheni inaongea kutwa. Mtoto amejua rangi zote kwa lugha ya katuni, na hajui kusema nipe. Ameshafika miaka minne, wanangu. Muuguzi wa kliniki alimpima masikio akayakuta mazima. Hajawahi kuniita bibi, na sidai, ataniitia nini sasa, wakati wenyewe ndio huu. Nilichokiona ni siku ile nilipokuja kwenu nikiwa bado naweza ngazi. Alikuwa amekaa sakafuni. Umeme ulikuwa umekatika, kioo kimezimika, cheusi. Na yeye bado anakitazama. Nilisimama pale mlangoni nikaita jina lake, hakugeuka.

Nilirudi nyumbani sikuweza kula.

Ninyi mmefanya mnachoweza, kama mama yangu alivyofanya. Yeye alikuwa na kufuli, ninyi mna geti. Sisemi mtoto ataanza kuongea akikanyaga hapa. Huenda na hapa akanyamaza. Lakini anyamaze katikati ya wenzake, anyamaze huku kuna mtu anamvuta shati anamwomba kipande cha mbao. Mkwe wangu, najua unachoogopa, hukusema lakini najua. Unaogopa watu wa mtaa watasema mtoto wa mkandarasi ni bubu. Watasema. Mtaa una midomo mingi na kazi chache. Watasema mwezi mmoja, kisha atazuka mwingine wa kusemwa.

Na wewe, baba, ulimleta siku moja. Wala si kwamba hukujaribu. Alilia, akakushika mguu wa suruali, dada yako akakuambia nenda, nami nikakuambia nenda. Ukafika garini, ukamsikia, ukarudi ukambeba, ukasema mtoto hataki. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Unajua nilisikia nini katika kilio kile? Wewe ulisikia mtoto anateswa. Mimi nilisikia mtoto ambaye bado anageuka. Bado anajua kuwa mtu anaondoka, bado anataka mtu arudi. Mjomba wako alikuwa ameshaacha kulia. Ningekimbia nikakushika koti, lakini miguu yangu ilikuwa imeshaanza kunisaliti.

Nilitaka nikuambie habari za msingi na nyumba, usipoziba ufa utajenga ukuta, nikaacha, maana misingi unaijua kuliko mimi, halafu mtoto si nyumba. Kiwanja kinasubiri. Saruji ikikosekana mwaka huu kinaota majani, mwakani unafyeka unajenga. Mtoto hasubiri. Miaka hii ikipita imepita na kila kitu chake, na ukija na pesa zako zote baadaye utakuta pamefungwa.

Haya. Chumba. Kitinda mimba, utakaloliona sasa usininunie kaburini. Chumba hiki cha mbele simpi mwalimu. Namwachia mkandarasi.

Tulia. Nimesema tulia, mama, bado sijamaliza. Nikikupa wewe nimekupa vita. Utakuwa unalinda ukuta na chaki mkononi, na kaka yako ana nyundo na mafundi, na siku utakayougua, au utakayoolewa mbali, ukuta unashuka. Ukuta apewe mwenye nyundo, ndipo itabidi ajiulize mwenyewe. Nyundo yake, ukuta wake, mtoto wake.

Ninakupa, mwanangu, na sharti moja, mbele ya mkeo na dada yako. Umlete Kimya hapa. Asimlete msichana wa kazi, asimlete dereva, umlete wewe, na ukae naye, kwenye kigoda, magoti yakufike kidevuni hivyo hivyo, simu imezimwa. Akilia, alie nawe upo. Acha achukue kigoda mwenyewe akipeleke anapotaka. Hata ukutani. Akikipeleka ukutani wewe kaa nyuma yake, usimgeuze. Uje kesho yake, na kesho yake, mpaka siku ile atakapokisogeza kwa mkono wake kutoka pale alipokiweka kwanza. Siku hiyo umemaliza sharti langu. Ukitaka kuvunja, vunja. Weka milango yako ya kukunja. Sitakulaani. Laana ya mama ni silaha ya mtu aliyeishiwa maneno, na mimi bado ninayo... machache. Ninayo machache.

Maji. Hapana, acha, hayashuki.

Mambo ya mwisho. Mnizike haraka, msingoje watu wa mbali, wa mbali watalia huko huko. Darasa lisifungwe siku nyingi. Na watoto, kitinda mimba, nisikilize hapa kuliko pote, watoto wasiambiwe bibi amesafiri. Nakukataza. Mtoto ukimwambia mtu amesafiri, ataweka kigoda mlangoni, atasubiri, atasubiri mpaka achoke, na siku akichoka hatakuamini tena hata ukimwambia jua limetoka. Waambie nimekufa. Watauliza kama huko chini nitapata pa kukojoa, watauliza nani atakalia mkeka wangu. Wajibu yote. Mkeka akalie yeyote atakayewahi.

Ndugu wawili ninyi, msipelekane kwa wazee wa mtaa. Wakubwa wakigombana, wadogo ndio wanaojifunza. Mwanangu, Mungu aifanye mikono yako ijenge kuliko inavyobomoa. Binti yangu, akupe masikio ya kusikia kelele bila kuchoka. Mkwe wangu, akupe siku ya kuitwa mama, uisikie, mimi hata nisiposikia. Na wapangaji, na yule mgonjwa wa kifua, na fundi bati na radi yake... wote. Wote nimewaacha na heri.

Mmesikia?

Nini hicho kinaburuzwa?

Nani... nani anaburuza? Usiinuke. Mkwe wangu, kaa. Kaa, mama, nakuomba. Hakuna kusaidia. Hiyo ndiyo sheria ya hapa, hata kwa... hata kwa mjukuu.

Macho yangu yameingia ukungu. Baba, wewe unaona. Niambie anakipeleka wapi. Ukutani? Usinidanganye, uongo wako naujua tangu ulipokuwa na meno mawili. Si ukutani?

Wapi?

Mlangoni.

Umesema mlangoni... Basi. Mlangoni kunatosha. Mjomba wako... mlangoni hakufika. Kaa naye, baba. Shuka hapo kitandani, kaa chini, nyuma yake. Usimguse. Mkono wangu uache, uko sawa, nenda.

Mlango... usukumeni mlango kidogo. Apate kuona barabara.